Siku Saba za Sheria, Siku Kumi na Tisa za Njiani

Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu wa Nchi Jirani tumezoea kuandika habari za mishahara, mizani, ushuru na migomo. Safari hii tunaandika jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa la nyumbani, lisilokihusu chama: kuzaliwa kwa mtoto wa mfanyakazi aliye safarini nje ya nchi. Tunaliandika kwa sababu tumeona kwa macho yetu kwamba si la nyumbani peke yake. Ni jambo la kazi. Lina sheria yake, lina fedha ndani yake, na kuna anayefaidika na kuna anayeumia.

Tuanze na mwenzetu mmoja. Jina lake tunaliacha, na kampuni yake tunaiacha vilevile, maana haja yetu si kumchongea mtu. Ni dereva wa semi-trela, mkazi wa pembeni mwa Dar es Salaam, mwenye miaka kumi na moja barabarani. Alipakia kontena bandarini la kwenda Lubumbashi wakati mkewe ana mimba ya miezi minane. Hesabu yake aliipiga vizuri. Safari ile, kwa kawaida, ni wiki tatu kwenda na kurudi. Kadi ya kliniki ilionyesha kuwa zimebaki wiki tano. Kwa hiyo angefika nyumbani akiwa bado na wiki mbili mkononi, akanunua vifaa vya kujifungulia, akatafuta gari la kumpeleka mkewe hospitali.

Lakini barabara haisomi kadi ya kliniki. Tunduma alikaa siku tatu akingoja makaratasi ya wakala wa forodha. Alipofika Kasumbalesa, mlango wa kuingilia Kongo, foleni ilimshika siku tisa. Na mtoto naye hakuingoja ile tarehe. Siku ya saba ya foleni, wakati wenzake wanasonga ugali kwenye kivuli cha tela, simu ikalia. Alikuwa shemeji yake. Alimwambia: "Shemeji, tumepata mtoto wa kiume. Mama yupo, lakini amepoteza damu nyingi, tunatafuta watu wa kuchangia." Wenzake walimpongeza kwa kelele na honi. Yeye alipanda ndani ya kichwa cha lori, akafunga mlango.

Alipiga simu ofisini kuomba apelekewe dereva mwingine ampokee gari. Jibu lilikuwa fupi: pakua kwanza, kisha pakia shaba, rudi nayo. Akapakua, akasubiri mzigo, akapakia, akarudi. Alifika nyumbani siku ya kumi na tisa tangu mtoto azaliwe. Mkewe alikuwa amekwisha kutoka hospitali, bado mnyonge, ananyweshwa uji wa pilipili manga na mama yake mzazi. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimekwisha kuanguka. Akika ilikuwa imekwisha kufanywa siku ya saba, na jina lilitolewa na babu.

Asubuhi yake alikwenda ofisini kuomba zile siku tatu za baba ambazo alikuwa amezisikia kwenye semina ya chama. Karani hakumfukuza wala hakumtukana. Alimkaribisha kiti, akatoa kitabu cha sheria kabatini, akamsomea. Sheria inasema siku tatu zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. "Zako zimepita, kaka," karani akamwambia. Kesho yake mwenzetu alipangiwa mzigo mwingine bandarini.

Sasa, ndugu wasomaji, tusimlaumu karani. Hakusema uongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya malipo isiyopungua siku tatu, kwa sharti kwamba ichukuliwe ndani ya siku saba za kuzaliwa mtoto. Tena siku hizo tatu ni za mzunguko mzima wa likizo wa miezi thelathini na sita, hata akizaliwa mtoto zaidi ya mmoja katika muda huo. Sheria ilisomwa sawasawa, na haki haikupatikana. Hapo ndipo palipotufanya tushike kalamu.

Aliyetunga sharti la siku saba huenda alikuwa na nia njema. Alitaka baba awepo wakati anahitajiwa, asije akazidai siku zake baada ya miezi sita ili akahudhurie ngoma ya jirani. Lakini alipokuwa akiandika, mawazoni mwake alikuwepo mfanyakazi wa kiwandani au wa ofisini, ambaye asubuhi hutoka nyumbani na jioni hurudi. Hakumfikiria dereva. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Mpaka Lubumbashi ni yapata kilomita 2,000. Mwenye mzigo mgongoni, akiwa upande wa pili wa mipaka miwili, hawezi kufika nyumbani ndani ya siku saba hata kama kila askari wa njiani angempigia saluti. Kwa mtu huyo haki ya siku tatu imeandikwa tu. Haijawahi kutembea mpaka mlangoni kwake.

Wapo watakaosema kwamba haya yanatokea kwa nadra. Sisi tunajibu: ulizeni. Simameni Tunduma kwenye maegesho, muulize dereva mmoja mmoja ana watoto wangapi, na ni wangapi aliowaona katika wiki ya kwanza ya maisha yao. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mpaka wa Nakonde ulipofungwa kwa siku kadhaa, madereva walikwama huko wakipokea habari za misiba na za uzazi kwa simu. Mwezi wa Januari 2022 wenzetu wa njia ya Mombasa walikwama Malaba, foleni ikaenda makumi ya kilomita, kwa sababu ya mvutano juu ya vipimo vya korona vya kuingia Uganda. Korona imepungua, foleni zimebaki.

Na jambo hili si geni katika nchi zetu. Wazee wetu walioendesha malori ya mafuta kwenda Zambia baada ya Smith kujitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia mwezi wa Novemba 1965, walipita njia ya vumbi na matope, na walirudi wakawakuta watoto wanaota meno. Wakati ule hapakuwa na simu ya mkononi. Mtu alipata habari akifika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, ziko familia za wafanyakazi zilizogawanyika kila upande na mtoto wake. Wazee hao walivumilia, nasi tunawaheshimu kwa uvumilivu huo. Lakini waliyavumilia kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine, na sisi hatuna sababu ya kuyarithi wakati njia zipo.

Tutazame majirani. Dereva wa Mombasa, kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, ana wiki mbili za likizo ya baba kwa mshahara kamili. Wa Kampala, kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2006, ana siku nne za kazi mara baada ya mkewe kujifungua, na sheria hiyo inamkumbuka hata yule ambaye mimba ya mkewe imeharibika. Wa Lusaka, kwa sheria ya Zambia ya mwaka 2019, ana siku tano za kazi mfululizo, lakini naye kafungwa kwa kamba ileile ya siku saba. Wa Dar es Salaam ana tatu. Watu hawa wanne wanakula kwa mama lishe mmoja, wanapuliziwa vumbi moja, wanapanga foleni moja. Mtoto wa Mombasa anahitaji baba kwa wiki mbili na mtoto wa Dar es Salaam kwa siku tatu? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zioanishe sera na sheria zao za kazi. Kongo nayo imeingia katika Jumuiya mwaka 2022. Basi kama ni kuoanisha, tuoanishe kwa kwenda juu, kwenye wiki mbili za Kenya, wala tusiende chini.

Na tukumbuke kwamba haki za uzazi ni katika mambo ya kwanza kabisa ambayo wafanyakazi wa dunia waliyadai. Shirika la Kazi Duniani lilipokutana kwa mara ya kwanza Washington mwaka 1919, mkataba wake wa tatu ulikuwa wa kumlinda mama mzazi, kwa wiki kumi na mbili. Mkataba wa mwaka 2000, namba 183, umezifikisha wiki hizo kumi na nne. Hayo ni mapato makubwa. Lakini katika mikataba hiyo yote miwili baba hakupewa hata siku moja. Mataifa yameachiwa yaamue yenyewe, na kila taifa limekata kipande linachotaka.

Sasa tusikilize upande wa mwajiri, maana haki haipatikani kwa kuziba masikio. Mwajiri anasema: "Lori likisimama Kasumbalesa nalipa maegesho, mwenye mzigo ananifuata, na shaba ni mali ya kuibwa. Nitamwachia nani?" Ni kweli, lori haliwezi kuachwa. Tunamjua mwenzetu mwingine aliyepata habari ya mkewe kufanyiwa upasuaji, akaegesha gari Tunduma, akamwachia utingo ufunguo, akapanda basi. Aliporudi, mafuta yalikuwa yamenyonywa na lakiri ya kontena imekatwa. Kazi ilikwisha siku ile ile, na chama hakikuwa na la kumtetea. Hatumshauri mtu yeyote afanye hivyo.

Lakini tunamuuliza mwajiri swali moja. Dereva akishikwa na homa kali Nakonde, je, lori huozea pale? Leseni yake ikiisha muda, au pasipoti ikijaa mihuri, je, mzigo hurudishwa Dar es Salaam? Hapana. Dereva mwingine hupandishwa basi usiku, na baada ya siku moja au mbili yupo kwenye usukani. Kinachowezekana kwa ajili ya karatasi kinawezekana kwa ajili ya mtoto. Tena homa huja bila kubisha hodi, lakini mimba si pancha. Inajulikana miezi kabla. Tarehe ya makisio imeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mwajiri anayeweza kupanga kubadilisha tairi baada ya kilomita kadhaa hashindwi kupanga kumweka dereva wake njia za karibu, za Morogoro na Dodoma, katika mwezi wa mwisho wa mimba ya mkewe.

Hapa tumegusa kidonda chenyewe, nacho ni posho. Ukweli ni kwamba madereva wengi huficha. Dereva akisema mkewe yu karibu kujifungua, atapewa njia fupi, na njia fupi posho yake ni ndogo. Mshahara peke yake haukidhi; familia inaishi kwa posho ya safari. Na mwezi wa kujifungua ndio mwezi wenye gharama kuliko yote. Basi dereva hunyamaza, huchukua safari ndefu apate fedha za kumpokea mtoto, na fedha hizo hizo ndizo zinazomzuia kumpokea. Mtu wa namna hii hakuchagua kuwa mbali. Kilichochagua ni mfumo wa malipo. Kwa hiyo anayedai siku za likizo bila kudai mshahara wa msingi unaokidhi, anadai nusu ya haki.

Kuna na wale ambao hata hizo siku tatu haziwahusu, nao ni wengi: madereva wasio na mkataba wa maandishi, wanaolipwa kwa tripu. Mwaka 2015 madereva waligoma nchini Tanzania, na moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Yako makampuni yaliyotoa mikataba, na yako yaliyotoa karatasi ya kuonyesha mkaguzi kisha yakairudisha kabatini. Asiye na mkataba hana likizo ya baba, hana ya ugonjwa, hana ya msiba. Akienda kumwona mtoto wake, anaporudi anamkuta mwingine kwenye usukani.

Ndugu wanachama, tusimalize kwa waajiri peke yao. Na sisi tujitazame. Katika mikutano yetu tumegombea tairi, tumegombea posho, tumegombea faini za mizani. Siku ya kuzaliwa mtoto hatujaigombea, kwa sababu wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba uzazi ni mambo ya wanawake, na mwanamume kazi yake ni kutuma fedha. Mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Mimi nikae nyumbani siku tatu nifanye nini? Kufua nepi?" Watu wakacheka. Tunamjibu hapa: ndiyo, ufue nepi. Na uchote maji, na umpeleke mkubwa shule, na usimame dirishani hospitali wakati damu inatafutwa, na ukae kando ya kitanda mama alale saa mbili. Mila zetu hazikatai. Katika makabila mengi mama hupewa siku arobaini za kupumzika, akalishwa mtori na supu, hashiki jembe wala kuni. Zamani kazi hiyo ilifanywa na ukoo mzima uliokaa boma moja. Leo familia ya dereva imepanga vyumba viwili mjini. Bibi yuko mbali, shangazi yuko kazini kwake. Baba asipokuwepo, siku arobaini za mama huwa siku nne.

Na wapo miongoni mwetu watakaopewa siku wakazimalizia kwenye kilabu cha pombe. Hao wapo, hatuwafichi. Lakini haki haifutwi kwa ajili ya anayeitumia vibaya. Likizo ya mwaka nayo wapo wanaoinywa, na hakuna aliyependekeza ifutwe.

Basi tunapendekeza nini? Hatungoji Bunge peke yake. Sheria ya mwaka 2004 imesema siku zisizopungua tatu. Hiyo ni sakafu, siyo dari. Mkataba wa hali bora unaweza kuweka zaidi, na matawi yanaweza kuanza katika majadiliano yanayokuja. Madai yetu ni haya:

Kwanza, kwa mfanyakazi aliye safarini nje ya nchi au mbali na kituo chake, siku saba zihesabiwe tangu siku aliyofika nyumbani, siyo tangu siku aliyozaliwa mtoto. Ushahidi wa kufika upo: pasipoti imegongwa mhuri mpakani, na lori limesainiwa getini. Ushahidi wa uzazi upo: tangazo la kizazi linatolewa hospitali.

Pili, siku ziongezwe kwa hatua mpaka kufikia wiki mbili, sawa na Kenya.

Tatu, dereva akitoa taarifa ya mimba ya mkewe kwa kuonyesha kadi ya kliniki, apangiwe njia za karibu katika mwezi wa mwisho, na apewe wastani wa posho aliyokuwa akiipata ili asiadhibiwe kwa kusema kweli.

Nne, likitokea tatizo la uzazi, yaani upasuaji, kupoteza damu, mtoto njiti au kifo, dereva apelekewe mpokezi kwenye mpaka ulio karibu, kwa nauli ya mwajiri, naye arudishwe kwa basi. Lori lisiachwe, na mtu asiachwe.

Tano, haki hizi zimhusu utingo, na zimhusu asiye na mkataba wa maandishi, maana kukosa karatasi ni kosa la mwajiri, siyo la mtoto.

Hayo siyo makubwa. Tukiyapigia hesabu, ni nauli ya basi na siku chache za mshahara, kwa jambo linalomtokea dereva mara chache tu katika maisha yake yote ya kazi. Waajiri wanaotumia fedha nyingi kuyavusha magari mpakani hawatafilisika kwa kumvusha baba.

Wenzetu wa Kenya, Uganda, Zambia na Kongo tunawaomba watuandikie. Nyinyi wa Kenya mtuambie kama zile wiki mbili zinapatikana kweli kwa dereva wa Malaba na Busia, ama nazo ni za kabatini. Nyinyi wa Zambia, mliofungwa siku saba kama sisi, mtuambie mmejaribu nini. Matawi ya Tunduma, Namanga, Rusumo na Mutukula yakusanye majina ya wanachama waliokosa likizo hii, na tarehe ya kuzaliwa mtoto na tarehe ya baba kufika nyumbani. Hatuhitaji maneno mengi mbele ya mwajiri. Tutaweka tarehe mbili mezani, kisha tumwombe ahesabu mwenyewe.

Mwenzetu tuliyeanza naye yuko njiani tunapoandika haya, amebeba mbolea ya kwenda Kitwe. Mkewe amepata nafuu. Mtoto anaitwa jina la babu, na ni jina zuri. Baba mwenyewe hana ugomvi nalo. Alichotuambia ni kwamba angependa wa pili, Mungu akipenda, amsikie akilia siku ya kwanza. Chama kisichoweza kumpigania mtu haki ndogo kama hiyo kisije kikamwomba ada ya mwezi.